Siku Nilipoinua Pua ya Boti Mbele ya Komanda

Watu wakisikia kwamba niliaibika mtoni wanadhani nilianguka majini, na mara nyingi ninawaacha wadhani hivyo, maana kuanguka majini si kitu, hata mvuvi aliyezaliwa ndani ya mtumbwi huanguka siku moja, anatoka, anakamua shati, maisha yanaendelea. Mimi sikuanguka. Nilikaa pahali pangu mpaka mwisho, mkono juu ya mota, nusu ya mji wa Kisangani ikinitazama, na aibu yenyewe ilinikuta nikiwa nimeshafika nchi kavu. Bon, nitaieleza tangu mwanzo, kwa sababu nikiianzia katikati mtanionea huruma, na huruma si haki yangu.

Ilikuwa miaka ile uhuru ulipokuwa bado mchanga na hakuna aliyejua nani anatawala nini, wiki hii mkubwa ni huyu, wiki ijayo picha yake inashushwa ukutani, halafu uasi ukafika na wapiganaji wakaingia mjini, wakakaa katika ofisi za Makiso, katikati ya mji, na sisi tuliobaki tukajifunza kuamka asubuhi na kusikiliza kwanza kabla ya kufungua mlango. Mimi nilikuwa fundi katika garaji moja karibu na bandari. Muzungu mwenye garaji alikuwa ameondoka na masanduku mawili, akatuachia vyuma vyake, meza zake, na boti moja ya aluminyumu yenye mota ya nguvu za farasi arobaini, ambayo zamani alikuwa akiitembeza peke yake siku ya Jumapili, kofia kichwani, pua ya boti imeinuka juu ya maji kama shingo ya bata anayetaka kuruka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na niliamini kwamba duniani hakuna kitu kizuri kuliko pua ile.

Lakini fundi si dereva. Mimi niliijua mota ikiwa juu ya meza, nilisafisha bugi zake, zile plagi za kuwashia moto, nilibadilisha elisi yake (ile panka ya chini inayosukuma maji), na mota iliyo juu ya meza haibishani na mtu. Aliyejua kuiendesha ni Papa Bosenge, mzee mfupi mwenye mabega ya kupiga kasia, aliyekuwa anavusha wageni wa muzungu kabla sijajua hata kushika bisibisi. Siku moja, mimi nikikaza skrubu, alinionyesha jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja tu. Mota ya namna ile haisimami yenyewe nyuma ya boti, inaegemea pini ya chuma, unene wa kidole cha mwisho, iliyopitishwa katika tundu moja kati ya matundu manne. Pini ikiwa katika tundu la kwanza, lililo karibu na boti, mguu wa mota unaingia chini, unainua tako la boti, na pua inashuka. Ukiipeleka mpaka tundu la nne, mguu unatoka nje, tako linakaa, na pua inapanda. Anayekwenda peke yake, alisema Papa Bosenge, anaweza kuchezea tundu la tatu na la nne apendavyo, lakini boti ikiwa na watu, pini inarudi karibu na watu wanapangwa, wazito katikati na mbele, na hawapangwi kwa cheo, wanapangwa kwa kilo. Mimi niliitika ndiyo papa, ndiyo papa, kama mtu anavyoitikia mahubiri.

Alors, siku moja wakaja wapiganaji wawili garajini wakasema Komanda wao anataka kuvuka kesho asubuhi kwenda Lubunga, ng'ambo ya pili, kuhutubia watu kwenye gare, stesheni ya treni, na hataki mtumbwi, anataka boti ya muzungu. Wakauliza dereva ni nani. Papa Bosenge alikuwa amelala nyumbani siku ya tatu, homa inamtetemesha. Ningeweza kusema dereva mgonjwa, na labda wangetafuta pirogi kubwa yenye wapiga kasia sita, na hadithi ingeishia hapo. Nikasema dereva ni mimi.

Nieleze kwa nini, ingawa haipunguzi kitu. Wale wapiganaji walisema pia kwamba Komanda ameagiza wakubwa wa mji wamsindikize, na mmoja wao ni Papa Saidi, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa zile familia za zamani za Waislamu wa mjini ambazo babu zao walifika na misafara ya biashara. Papa Saidi alikuwa na binti anaitwa Zaituni. Wajomba zangu walikuwa wameshakwenda kwake mara moja kuniposea, wakapewa chai, wakapewa na jibu, na jibu lilikuwa: tutaona. Mtu akiambiwa tutaona, mawazo yake yote yanageuka kuwa namna ya kuonekana.

Jioni ile nilikwenda kumsalimia Papa Bosenge, na kusema kweli nilikwenda kuomba ruhusa iliyokuwa imeshapita. Alikuwa chini ya blanketi mbili. Hakunigombeza. Alifumba macho kidogo halafu akasema:

"Pini nimeiacha ku tundu ya kwanza. Uache vile iko. Na batu uwapange."

Nikamwambia sawa. Asubuhi nilifika kwenye libongo, yaani pale mchangani boti zinapoegeshwa, kabla ya mtu yeyote, nikatia esansi (petroli ya mota), nikafuta viti, nikaangalia mota, nikaiona ile pini katika tundu la kwanza, na nikawaza jinsi boti itakavyoondoka mbele ya watu wote ikiwa imeinamisha pua kama mbuzi anayekunywa maji. Nikachomoa pini nikaitia tundu la nne. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuwasimulia.

Watu walianza kuja saa mbili. Walikuwa wameamriwa kuja, si kwamba walipenda, na walikuwa wameamriwa kuimba tangu Komanda anapopanda botini mpaka boti inapofika ng'ambo, na ngoma zilikuwepo, na wanafunzi walikuwepo, na kando kidogo, chini ya mwavuli mmoja, niliwaona Zaituni na mama yake.

Komanda akashuka. Alikuwa mwembamba, mrefu, bado kijana kuliko nilivyodhani, amevaa buti mpya. Watu walisema wapiganaji wale wana dawa inayozuia risasi, na kwamba dawa hiyo ina masharti, mwenye nayo hageuki nyuma akiwa safarini, na maji ya mto yakimlowesha dawa inatoka. Mimi sikumuuliza. Nilimshika mkono apande bila kukanyaga maji, akaenda moja kwa moja kukaa mbele kabisa, kwenye kiti cha puani, peke yake, uso kwa mto. Na hapo ndipo heshima ilipoanza kuniharibia kazi. Kwa kuwa Komanda amekaa mbele, hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye. Karani wake, aliyebeba hotuba ndani ya mkoba wa ngozi, alikaa nyuma ya katikati. Wapiganaji wawili wa kumlinda walikaa nyuma ya karani. Akabaki Papa Saidi, na Papa Saidi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkubwa, kanzu yake nyeupe ingetosha kushonea watoto watatu.

Alisimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, ameinua kanzu, akatazama boti, akaniangalia. Nilijua pa kumweka. Hata mimi, fundi wa mezani, niliona kwamba mtu huyu aende mbele. Lakini utamwambiaje mkwe unayemtaka kwamba akae pale kwa sababu ya uzito wake? Nilikuwa bado ninatafuta maneno aliposema, kwa sauti ya upole, watu wakisikia:

"Mimi nitakaa karibu na mutoto wa nyumbani."

Mtoto wa nyumbani, donc, yaani, ni mimi. Akaja akaketi kwenye kiti cha mwisho, bega kwa bega na mimi na mota, na boti ikashuka nyuma mpaka nikaona maji yamebakiza kiganja kimoja tu kufika ukingo. Nilifurahi sana kwa neno lile hivi kwamba sikuyaangalia maji mara ya pili.

Nikavuta kamba, mota ikawaka mara ya kwanza, ngoma zikaanza, nikatoka polepole kinyumenyume, nikageuza pua kuelekea ng'ambo, na nikatia gazi yote, nikaufungua moto wa mota mpaka mwisho.

Pua ilipanda. Kusema kweli ilipanda kuliko ya muzungu, ilipanda mpaka sikuona tena Lubunga, sikuona mto, niliona tumbo la boti na Komanda juu yake akiwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, amekaa hewani kama mtu aliyepanda mnazi. Chini yangu elisi ilikuwa imekaribia kutoka majini, mota ikawa inalia sauti nyembamba. Watu pwani walipiga makofi. Nilifikiri, sasa itatulia, kwa sababu boti ya muzungu ilikuwa ikipanda hivyo halafu inalala juu ya maji. Hii haikulala. Ilifika juu, ikachoka, ikaanguka na pua yake yote juu ya maji, paa, halafu ikapanda tena, halafu paa, na kila mara ilipopanda ilipanda zaidi, na kila mara ilipoanguka Komanda alinyanyuka kwenye kiti chake, akabaki hewani kidogo, akarudi kwa makalio. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Sijui kama ni masharti ya dawa au shingo yake ilikuwa imekaza. Kofia yake iliruka ikapita juu ya vichwa vyetu. Karani alifungua mkoba (mpaka leo sijui alitaka nini humo), na hotuba ikatoka karatasi moja moja, ikaenda mtoni. Papa Saidi alinishika paja. Nikasikia pwani wakiimba kwa nguvu zaidi, maana kwa mbali ilionekana ni mchezo, boti inacheza kwa ajili ya sherehe.

Mtu anayejua angepunguza gazi kidogo kidogo na kusogeza watu mbele. Mimi nilifanya anachofanya mwoga, nilifunga gazi yote kwa mara moja. Boti ikasimama. Lakini wimbi letu wenyewe, lile tulilokuwa tunaliburuta nyuma, halikuambiwa kusimama. Likaja taratibu, halina haraka, likakuta tako la boti limekaa chini kwa sababu ya mzigo wote niliouweka pale, likaingia ndani kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Papa Saidi akaketi ndani ya maji mpaka kiunoni. Mota ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Maji yakatembea chini ya viti mpaka mbele, na niliyaona kwa macho yangu yakifika kwenye buti za Komanda na kuzizunguka.

Sasa kimya kile, ndani ya boti. Nje hakukuwa na kimya, kwa sababu, kumbukeni, watu waliamriwa kuimba mpaka boti ifike ng'ambo, na boti haikufika ng'ambo, mto ulikuwa unatuchukua kuelekea Simi-Simi, upande maji yanakokwenda, donc watu wakaanza kutembea pwani kutufuata, wakiimba, ngoma mbele, wanafunzi nyuma, mwavuli wa mama yake Zaituni katikati. Tulikwenda hivyo sambamba muda mrefu, sisi majini kimya, wao nchi kavu na nyimbo.

Karani alikuwa akimwaga maji kwa mkoba wake. Wapiganaji walikuwa wakimwaga kwa mikono. Mimi nilifungua mota, nikatoa bugi, nikazikausha kwa shati langu, nikazipuliza, na mikono ilikuwa inajua kazi yake, ni kichwa tu kilichokuwa hakijui. Halafu nikasema moyoni niirudishe pini tundu la kwanza. Nikasema na mdomoni pia, nikiwa nimeinama juu ya mota, nikinong'ona kama ninaomba dua, kwamba mimi ndiye niliyeiweka vibaya, kwa nini niliigusa. Papa Saidi alikuwa karibu yangu kuliko nilivyo karibu na nyinyi. Nikaichomoa pini, vidole vilikuwa na maji na mafuta, ikateleza, ikaenda chini ya mto ambako iko mpaka leo.

Nikaomba kitu chochote chenye kupita katika tundu. Karani akatoa kalamu, nikairudisha. Mmoja wa wapiganaji alikuwa na kijiko cha chuma ndani ya soksi yake, nikamwomba, akanipa, akauliza sasa atakula kwa kitu gani. Nilikunja mkono wa kijiko mara mbili nikaupigilia kwa kiatu katika tundu la kwanza, ukashika. Na hapo ikabaki kazi moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Nikamwambia Papa Saidi mbele ya Komanda na karani na wapiganaji:

"Papa, ninaomba uende mbele, pembeni ya Komanda. Uko muzito, boti haitaweza."

Papa Saidi akanitazama. Akainuka, kanzu ikimwaga maji, akaenda kwa kutambaa juu ya viti mpaka mbele, akaketi pembeni ya Komanda, na wapiganaji nikawasogeza katikati, na karani, na boti ikainuka nyuma, ikakaa sawa juu ya maji kama meza. Nikavuta kamba mara saba. Mara ya nane ikawaka. Ng'ambo ilikuwa mbali na esansi ilikuwa imechanganyika na maji, kwa hiyo nikaelekeza pua pahali pa karibu, pwani ileile tuliyotoka, chini ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, na tulipogusa mchanga watu wakawa wamefika wote. Wakamaliza kuimba hapo, kwa sababu boti ilikuwa imefika.

Komanda akashuka peke yake. Wapiganaji wake wengine walikuwa wamekuja na umati, wote wakaangalia buti zake, hakuna aliyeangalia uso. Akaelewa wanachoangalia. Akasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba maji yamegusa viatu, hayakumgusa yeye. Hakuna aliyebisha. Ndipo akageuka akaniuliza, bila kelele, kama mtu anayeuliza saa:

"Nani alipanga hii mota?"

Nyinyi mnaosikiliza mnadhani kulikuwa na nafasi ya kufikiri. Haikuwepo. Niliona bunduki, niliona umati, niliona mwavuli, na mdomo ukajibu wenyewe:

"Papa Bosenge."

Ndiyo aibu yangu hiyo. Maji yalikuwa utangulizi.

Walikwenda kumchukua. Alikuja amepakiwa nyuma ya baiskeli, blanketi mabegani, mpiganaji mmoja anasukuma na mwingine anamshika asianguke. Wakamshusha mbele ya boti. Aliangalia mota, akaona kijiko, akauliza pini iko wapi. Nikasema imeanguka mtoni, ilikuwa tundu la nne. Sijui kwa nini niliongeza tundu la nne, nadhani sehemu yangu moja ilitaka anisaliti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa homa. Aliniangalia muda wa pumzi mbili, halafu akamgeukia Komanda akasema kama ilikuwa tundu ya nne, ni yeye mwenyewe aliyeiweka, homa inasahaulisha mutu. Wakamfunga mikono kwa kamba ya boti, wakamkalisha mchangani, juani, mpaka Komanda atakapoamua.

Watu wakaanza kutawanyika. Mimi nikaachiliwa, nikaambiwa nirudi garajini nikatafute pini ya kweli. Nikatembea kuelekea Makiso, na Papa Saidi akatembea nami, kanzu imemgandia mwilini, watu wanampisha njia. Tulikwenda mbali. Nilikuwa ninatayarisha maneno ya kuomba radhi kwa ajili ya kanzu, kwa ajili ya kumwambia mzito, nilikuwa nimeshapata hata namna ya kuanza, aliposimama akasema:

"Uzito wangu uliusema mbele ya batu yote, na ulikuwa kweli, sikukasirika. Kosa lako wewe lilikushinda kusema."

Akaendelea na safari yake. Hakuniambia nirudi. Angeniambia, labda ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nilisimama pale barabarani, maji yananitiririka kwenye suruali, nikahesabu mambo ambayo wangeweza kunifanyia, na yalikuwa mengi, na katika miezi ile tulikuwa tumeyaona yakifanywa. Halafu nikamfikiria mzee na jua la saa tano juu ya homa. Nikarudi. Sitawadanganya kwamba nilirudi kwa ujasiri, nilirudi polepole, na mara mbili nilisimama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

Nilimkuta Komanda amekaa kwenye kiti cha mbao chini ya ukuta wa banda, miguu mitupu, buti zimesimikwa juani kwenye vijiti viwili. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge, zile buti hazikuwa kipimo chake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Pini ilikuwa tundu la kwanza, mzee aliniambia niiache, mimi niliipeleka la nne, mimi niliwaacha watu wakae nyuma, na mzee aliposema ni yeye alinisaidia tu. Akaniuliza kama nilitumwa kumzamisha. Nikasema hapana. Akauliza, basi nilitaka nini.

"Nilitaka nionekane, Komanda."

Akatazama buti zake. Karani wake alikuwa amesimama nyuma, ameshika mkoba mtupu. Nzi walikuwa wakitembea kwenye buti. Mwishowe Komanda akasema:

"Bon. Utaonekana."

Wakamfungua Papa Bosenge, wakampakia tena kwenye baiskeli, wakamrudisha kwake. Mimi nikapelekwa kwenye libongo, wakanisimamisha juu ya pipa la esansi, tupu, na adhabu yangu ilikuwa kwamba kila mtu anayekuja kuvuka, mkubwa kwa mdogo, nimweleze nilichofanya tangu pini mpaka uongo, bila kuruka kitu, mchana ule mpaka jua lizame, na kesho yake kutwa. Mpiganaji aliyekaa chini ya pipa kuhakikisha ni yule aliyepoteza kijiko.

Mnaweza kudhani ni adhabu nyepesi, na kwa wakati ule ilikuwa nyepesi, ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini simameni juu ya pipa. Mara ya kwanza unasema haraka, wanakuambia rudia, hawakusikia. Wavuvi walikuja na maswali yao, kwa nini sikufunga gazi polepole, kwa nini sikumwambia mzito aende mbele tangu mchangani. Wamama wa sokoni, vikapu vichwani, walitaka kuonyeshwa tundu lenyewe, na ikabidi nieleze kwa vidole. Mzee mmoja aliyekuwa akienda kusalimia ndugu zake Yahuma alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mzee wa homa amepona, nikasema sijui, akatikisa kichwa akapanda mtumbwi wake, na huyo ndiye aliyeniumiza kuliko waliocheka. Ilipofika jioni ya siku ya pili nadhani hakuna mtu Kisangani ambaye hakujua mguu wa mota ukitoka nje pua inakwenda wapi. Jina langu la Asumani lilikuwa limeshaisha, walikuwa wakiniita Pua-Juu, na wengine mpaka kaburini kwao waliniita hivyo.

Zaituni alikuja siku hiyo ya pili, saa tisa, na mama yake. Hawakuwa na safari ya kuvuka. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia wengine, nikiangalia mwavuli badala ya macho yake, na sikuruka kitu. Alisikiliza. Halafu akauliza jambo moja tu, kama ni kweli nilimwambia baba yake ni mzito mbele ya Komanda. Nikasema ni kweli. Akafunika mdomo kwa kitenge, na mpaka mama yake alipomvuta mkono wakaondoka sikuweza kujua kama analia au anacheka. (Alikuwa anacheka. Aliniambia mwenyewe, lakini hiyo ni baada ya mwaka na nusu, vita vimepita, wengi wamezikwa, na Papa Saidi amewaita wajomba zangu kwa mara ya pili na safari hii hakusema tutaona.)

Papa Bosenge alikaa na homa ile siku kumi zaidi. Nilikuwa nikimpelekea samaki na uji, nakaa mlangoni, sithubutu kuingia mpaka aniite. Hakulitaja jambo lile. Alipopata nguvu ya kukaa mkekani, mimi mwenyewe nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye. Akaniangalia kama anaangalia mota ambayo haitaki kuwaka kwa sababu ndogo ya kijinga. Alisema mtu mzee mwenye homa, wanaweza kumhurumia, lakini kijana mwenye afya aliyemlowesha Komanda, yeye hakuona kama wangemhurumia, na tena garaji haikuwa na fundi mwingine. Kisha akaomba nimwongezee chumvi.

Nimeendesha boti kwenye mto huu miaka mingi baada ya hapo. Nimebeba wakubwa wa kila serikali iliyopita, na kila mmoja wao nimempanga kwa kilo zake, akikasirika akasirike, na gazi ninaifunga taratibu. Hayo ni ya mkono, mkono hujifunza kwa siku moja. La mdomo lilichukua muda zaidi. Hata sasa, boti ikigonga kitu au mota ikikataa, na mtu akageuka kutaka kujua ni nani aliyeitengeneza vile, ninajibu ni mimi kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu ninaujua mdomo wangu, na sitaki kuupa nafasi ya kufikiri.